Tonge Langu ni Gramu Ngapi?

Mwezi wa saba mwaka jana nilirudi nyumbani Sumbawanga nikiwa na kilo 89 na simu yenye programu ya kuhesabu kalori. Kilo nilizipata Dar es Salaam, kwa miaka kumi ya kukaa kwenye kiti cha chumba cha habari, chipsi za saa nne usiku na soda za bure kwenye mikutano ya waandishi. Programu niliipata baada ya daktari kunipima presha, kuangalia namba, kisha kunipima tena kama mtu asiyeamini macho yake. "Dada," akaniambia, "una miaka thelathini na nne. Punguza uzito. Taratibu tu, hata nusu kilo kwa wiki inatosha. Lakini punguza."

Programu ikanipa kalori 1,400 kwa siku. Dar niliweza, kwa sababu Dar nakula peke yangu. Yai moja la kuchemsha, andika 70. Kijiko kikubwa cha mafuta, andika 120. Chapati nayo, Mungu anisamehe, wakati mwingine niliandika nusu huku nimekula nzima. Lakini hesabu ilikwenda, na kilo nne zilikwenda nazo.

Shida ilianza jioni ya kwanza nyumbani. Mama alitenga ugali wa dona kwenye sinia, mlima kweli kweli, na maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya alizeti, na migebuka mikavu iliyopanda kutoka Ziwa Tanganyika. Tukanawa. Tulikuwa mama, wifi yangu, watoto watatu wa kaka yangu, na mimi. Simu ikaniuliza: gramu ngapi?

Nikaliangalia lile sinia. Gramu ngapi za nani? Fungu langu halikuwepo. Lilikuwa halijazaliwa bado. Kwenye sinia la pamoja chakula kinakuwa changu pale tu kinapoingia mdomoni. Kabla ya hapo ni chetu. Na kuna adabu yake: humegi mbele ya mwenzako, hukimbilii samaki, na ukiona mtoto amechelewa unapunguza kasi bila kusema. Sisi nyumbani tunahesabu sana wakati wa kula, ila tunahesabiana. Programu ilitaka nijihesabu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana la kijinga: je, kupima chakula changu ni kuwajibika, au ni namna ya kujitoa kwenye sinia?

Tuanze na hiyo kalori yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia wa Marekani Wilbur Atwater alipima nishati iliyomo kwenye vyakula na kutuachia hesabu inayotumika mpaka leo: gramu ya protini ni kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Kilikuwa kipimo cha maabara. Aliyekiingiza majumbani ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters, kwa kitabu chake cha mwaka 1918 kilichowafundisha wanawake wa Marekani kuacha kusema kipande cha mkate na kuanza kusema kalori 100 za mkate. Mwaka ule ulikuwa wa vita, na Peters aliunganisha mambo mawili: ukijinyima unapungua, na unachojinyima kinawafikia wenye njaa. Yaani tangu mwanzo hesabu hii ilibeba mzigo wa maadili. Mwili mwembamba ukawa ushahidi wa roho njema.

Jambo hilo lina mvuto, nakiri. Lakini ukilileta Ufipa linakutana na kumbukumbu nyingine kabisa.

Siku ya tatu mama alimwita wifi jikoni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu amepima?" Wifi akaniletea swali hilo usiku, kwa aibu, akidhani nitakasirika. Mama hakuwa anauliza mizani. Alikuwa anauliza virusi. Nilikuwa nimepungua kilo nne, namega matonge madogo, nasema nimeshiba mapema, na kila baada ya kula najificha na simu. Kwa macho yake hiyo ni picha moja tu, na alishaiona. Mwaka 1996 mjomba alirudi kutoka Tunduma akiwa amekonda hivyo hivyo, akisema chakula hakimpandi. Tulimzika kabla ya mvua.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na jirani zetu Waganda waliuita ugonjwa ule "Slim", yaani wembamba. Kizazi cha mama kilijifunza kusoma kifo kwenye mashavu ya watu. Ndiyo maana hapa mtu akikuambia "umenenepa" anakusifu, na akikuambia "umekonda" anashusha sauti. Mimi nilikuwa nimebeba lugha ya Peters hadi kwenye nyumba yenye msiba wake, halafu nikashangaa kwa nini mama hanitazami usoni.

Asubuhi nikamweleza. Shikamoo mama, nina presha, daktari amesema nipungue, ninafanya makusudi. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo una njaa kwa kupenda?" Nikasema ndiyo. "Na chakula kipo?" Kipo. Akatikisa kichwa. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyesikia kwamba mahali fulani watu wanalipa ili wapigwe.

Wala hakosei sana. Mwishoni mwa mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza utafiti wa njaa kwa vijana 36 waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea zaidi ya kilomita 30 kwa wiki. Walidhoofika, wakawa wakali, wakaota chakula, wengine wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Ni kweli walikuwa wanaume, na walikuwa wembamba tayari. Mimi nina akiba. Lakini kiwango kilichoitwa njaa wakati ule kilizidi namba ambayo simu yangu iliniandikia kwa rangi ya kijani na kunipongeza.

Wiki ya pili nilimsindikiza wifi kliniki na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Akaning'inizwa kwenye mizani, akalia, akaandikwa. Halafu akalazwa kwenye ubao wa kupima urefu. Nesi akaangalia kadi, akaangalia ubao, akasema kwa upole uliozoea: uzito si mbaya, ila urefu uko chini ya umri. Mtoto anaelekea kudumaa.

Nilitaka kubisha. Nyumbani kuna magunia ya mahindi mpaka kwenye korido! Rukwa ni moja ya ile mikoa minne mikubwa, pamoja na Ruvuma, Iringa na Mbeya, iliyokuwa ikitajwa kwamba inalisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anakuja kununua mahindi huku. Lakini nesi hakuwa anasema jambo geni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Ule wa 2022 ulikuta taifa limeshuka hadi 30, na juu ya orodha wako Iringa, kisha Njombe na Rukwa zikiwa karibu na nusu ya watoto wote. Ghala za nchi ndizo zinazoongoza kwa udumavu.

Njiani nilijisikia vibaya, na hisia yangu ya kwanza ilikuwa ile ya Peters: mimi natupa matonge, mtoto anadumaa. Nikaitafakari nikaona si kweli. Tonge nililoliacha halikumfikia mtoto, na kama lingemfikia lisingemsaidia, kwa sababu matonge hakuyakosa. Unga wa mahindi una kalori 360 hivi kwa gramu 100. Kwa hesabu ya kalori mtoto yule alikuwa anakula. Alichokosa ni kile kinachoshuka pembeni ya sinia kidogo kidogo: samaki, yai, maziwa, maharage ya kutosha, tunda. Na mama yake, msimu wa shamba, anaondoka alfajiri na kurudi jua likizama; mtoto anabaki na uji mwepesi na dada yake wa miaka minane.

Ndipo nikaona kitu kilichonisumbua zaidi. Mimi na yeye tuna ugonjwa unaofanana. Mimi Dar nimejaa chipsi, yeye Ufipa amejaa ugali. Wote tumeshiba. Mmoja tumbo lake likawa kitambi, mwingine mifupa yake ikabaki nyuma.

Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba ng'ambo ya mpaka miaka ya 1930 na kutoa kitabu kikubwa juu ya chakula chao mwaka 1939, alieleza kwamba mtu angeweza kushinda anatafuna mahindi ya kuchoma na bado akasema hajala, maana hajaonja ugali wa ulezi. Mama yangu yuko hivyo hivyo. Akila ndizi, karanga na parachichi, anasema "sijala kitu". Chakula ni ugali. Vilivyobaki ni vya kuusindikiza. Simu yangu nayo, kwa kiburi chake chote, ina kosa la jamaa moja: kwake chakula ni nishati, vilivyobaki ni maelezo. Mama na simu wote wanauliza kiasi. Nesi peke yake ndiye aliyeuliza, "Anakula na nini?"

Kwa hiyo siwezi kusema kipimo ni adui. Ingekuwa rahisi, na wapenzi wa fasihi tunapenda sana kuzisema vibaya namba. Lakini bila ubao ule tungeendelea kumwita mtoto yule mfupi kama babu yake. Na bila namba ya daktari ningeendelea na soda zangu mpaka kiharusi. Mwili una haki ya kupimwa kwa ukweli. Ninachokataa ni kipimo kinachomtenga mtu na sinia lake halafu kinamwita mwema. Kupungua kwangu ni dawa yangu. Si sadaka kwa mtu yeyote, na nisijidanganye kwamba ni sadaka.

Sadaka, kama ipo, ilibidi itafutwe kwingine. Wifi anafuga kuku, na mayai anayauza. Ndiyo sabuni, ndiyo madaftari. Nikapiga hesabu: programu yangu nilikuwa nailipia shilingi 12,000 kwa mwezi. Nikamwambia, mayai ya mtoto usiyauze, hela ya sabuni nitatuma mimi. Nikategemea anishukuru.

Akaniangalia. "Wifi, na siku ukiacha kutuma?"

Sikuwa na jibu zuri. Nimetuma kila mwezi tangu hapo, na programu nimeifuta. Mizani ninayo bado. Napanda Jumatatu asubuhi, iko 82. Nakula dona, tonge dogo, mboga nyingi, na nikirudi nyumbani nakula kwenye sinia kama wengine, naacha nikishiba, na mama haulizi tena. Mtoto anapelekwa kliniki kila mwezi. Safari iliyopita wifi alinipigia na kuniambia urefu, namba tupu, bila maelezo. Nikaiandika kwenye daftari, chini ya yangu.

Lakini lile swali lake liko pale pale. Kila tarehe ya kutuma nalisikia, na nadhani ni vizuri nilisikie.