Ugonjwa Huishia Wapi?

Neno la Kiingereza "disease" lilitokana na Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ni kukosa raha. Waingereza wa karne ya 14 waliweza kulitumia kwa dhiki yoyote, hata ya moyo. Polepole likabanwa hadi likawa jina la hitilafu ya mwili tu.

Kubanwa huko kulikuwa na faida. Mwaka 1931 watafiti Daubney, Hudson na Garnham walieleza virusi vilivyokuwa vikiua wanakondoo karibu na Naivasha, maradhi yakaitwa homa ya Bonde la Ufa. Tabibu asiyetenga kisababishi kimoja na taabu nyingine zote hawezi kupima wala kutengeneza chanjo.

Lakini tuutazame mji wa Garissa nchini Kenya, ambako homa hiyo ilizuka tena. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa ilileta mafuriko, na mayai ya mbu yaliyolala miaka kwenye udongo mkavu yakaanguliwa, mengine yakiwa na virusi ndani. Mbuzi na kondoo wakaharibu mimba, kisha watu wakaugua. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Uchinjaji ulipigwa marufuku, na soko la mifugo la Garissa likafungwa. Mwenye bucha, dalali na mama muuza maziwa hawakuwa na homa. Je, walikuwa wazima?

Atakayesema huo ni umaskini, si ugonjwa, ana hoja: daktari hawezi kutibu kila dhiki. Ila mpaka wa kazi ya daktari si mpaka wa jambo lenyewe. Kwa mfugaji Msomali, ngamia na mbuzi ni maziwa ya watoto, mahari, diya (fidia ya damu) na heshima mbele ya ukoo. Virusi vilivyomtoa mtu damu ndivyo vilivyomaliza zizi. Chanzo ni kimoja, na madhara ni mfululizo mmoja. Kumhesabu mwenye homa na kumwacha aliyefilisika ni kukata mfululizo huo pale vipimo vyetu vinapokoma.

Kwa hiyo maana ya zamani ina ukweli ambao maana mpya imeuacha. Mlipuko hauishi siku mgonjwa wa mwisho anaporuhusiwa kutoka hospitalini. Unaisha mfugaji anapoweza tena kuishi kwa mifugo yake, na serikali inayofunga soko kwa ajili ya afya ya wote ina wajibu wa kumfikisha hapo.