Stafeli Linatibu Nini?

Simama mbele ya muuza matunda katika soko lolote la Dar es Salaam, uliza bei ya stafeli, na kabla hujatajiwa bei utatajiwa magonjwa: saratani, kisukari, presha, kukosa usingizi. Muuzaji huyohuyo akikuonyesha embe atasema tu, "Onja hili, dada, sukari tupu." Embe halidaiwi chochote zaidi ya utamu wake. Stafeli linadaiwa sababu kabla halijaliwa.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naliona ni swali la maadili kuliko la soko. Je, raha ya kula kitu kizuri inatosha kuwa sababu ya kukila? Au kila kitamu lazima kijieleze kwanza kwamba kinajenga mwili, kinatibu, au kinaleta fedha? Jibu langu ni kwamba raha inatosha, na kwamba tunapomnyima mtu jibu hilo tunamnyima kitu kikubwa kuliko tunda.

Nianze na tunda lenyewe, maana vijana wengi wa mjini wanalijua kama juisi ya glasi au unga wa majani kwenye kopo. Mimi nimelijulia Kasokola, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, pale mji unapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Mstafeli si mwenyeji wa huko. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ulivuka bahari kama walivyovuka mpapai, mpera na mnanasi. Mwenyeji ni binamu yake wa kwenye miombo, mtopetope mwitu, wenye matunda madogo ya manjano yanayonukia. Lakini mstafeli haukai porini wala shambani. Unakaa uani, karibu na jiko au bafu, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Ni nadra kumkuta mtu mwenye miwili.

Tunda lake ni la kijani, lina miiba laini isiyochoma, na umbo lake ni kama moyo uliopinda upande mmoja. Linaweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa. Huhitaji kisu. Unalibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikizama kidogo unalipasua kwa mikono. Ndani ni meupe kama pamba iliyoloweshwa, na mbegu nyeusi zimejificha humo. Kwanza unakutana na uchachu, kisha utamu unakuja polepole, na harufu yake inabaki mikononi hata ukinawa. Nyuzi zinanasa kwenye meno. Maji yanachuruzika hadi kwenye viwiko. Mbegu unazitema, kwa sababu zina sumu.

Tunda hilo pia ni baya kwa biashara. Likichumwa linalainika ndani ya siku chache. Likibebwa kwenye baiskeli hadi sokoni Mpanda linafika na mabaka meusi. Na likishaiva huwezi kulimaliza peke yako, huwezi kulitunza, na mjini hutapata wa kulinunua kwa bei ya maana. Linalobaki ni kumwita jirani. Kwa maana hiyo stafeli limewafundisha watu wa uani ukarimu bila kuwahubiria. Ukipita wakati wake unaitwa, "Karibu, kuna stafeli," na hakuna anayeuliza ulikuja kwa shida gani.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa kwa mama yangu mkubwa, hadi mwaka aliogundulika kuwa na saratani ya matiti.

Wakati huo ujumbe mmoja ulikuwa unazunguka kwenye simu za kila ukoo: stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko tibakemia, na makampuni ya dawa yanaficha siri hiyo. Takwimu hiyo ina chanzo. Wanasayansi waliwahi kuchukua kemikali kutoka kwenye mimea ya jamii hii, wakaziweka maabara pamoja na seli za saratani, na seli zikafa. Lakini seli ndani ya kichupa si mgonjwa. Vitu vingi huua seli kichupani, na vingi kati ya hivyo haviwezi kumponya mtu. Mpaka leo hakuna utafiti kwa binadamu uliothibitisha kwamba stafeli linatibu saratani. Upande wa pili wa habari hausambazwi: mwaka 1999 madaktari walioko kisiwa cha Guadeloupe, katika Karibea, waliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu uwezekano wa uhusiano kati ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson na matumizi ya mara kwa mara ya matunda na chai ya majani ya jamii hii. Wao walizungumzia mazoea ya miaka, siyo kipande unachopewa na jirani. Hata hivyo, mtu anayeambiwa anywe chai ya majani asubuhi na jioni ana haki ya kulisikia hilo.

Katika ukoo wetu ujumbe ulifika kutoka Dar, ukafika tena kutoka Mwanza, na ratiba ikapangwa. Majani yalichemshwa mara mbili kwa siku. Tunda lilisagwa bila sukari na kunywewa kwa saa maalumu. Wajukuu walikatazwa kulisogelea: "Hiyo ni dawa ya bibi." Majirani waliozoea kuitwa wakaanza kuja na hela mkononi, wakiomba majani kwa ajili ya wagonjwa wao, na mti ukabaki na matawi matupu upande wa njia. Ndani ya miezi michache mti uliokuwa ukiwaita watu ukawa unawafukuza.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Matibabu yalikuwa Mwanza. Safari ni ndefu na nauli ni kubwa, na majani yako uani bure. Katika kikao cha ukoo mtu mmoja aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kulikuwa na haja ya kwenda tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuuza magunia ya mahindi. Lakini ndipo nilipoona hatari ya kulipa tunda kazi isiyo yake: linakuwa kisingizio cha kutomlipia mtu nauli.

Mama mkubwa alijibu mwenyewe. "Mwanza nitakwenda. Na hilo stafeli nimelichoka. Nilikuwa na ugonjwa mmoja, sasa ninao miwili: wa ziwa, na wa kuchukia tunda nililolipenda." Aliendelea na matibabu. Daktari alimwambia ale anachokipenda mradi asiache tiba. Siku moja aliporudi, alikataa bilauri. "Leo nataka kulila, sitaki kulinywa. Waiteni na watoto." Likapasuliwa kwenye sinia. Alikula vipande viwili tu, akatema mbegu uani kama mtoto, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Miezi kadhaa baadaye alifariki. Stafeli halikumponya, na hospitali pia haikuweza, ingawa hospitali ilimpunguzia maumivu. Ila siku ile alipata kitu ambacho tiba zote mbili hazikuwa zimempa: alikula kama mtu, si kama mgonjwa.

Tabia hii ya kudai sababu ina historia ndefu kwetu, na sehemu kubwa yake ni ya heshima. Mwaka 1973 redio iliwakusanya Watanzania katika vikundi kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walichimba vyoo, wakajifunza kuhusu mlo kamili. Siwezi kubeza hilo. Lakini tangu hapo tumezoea kukizungumzia chakula cha mwanakijiji kwa lugha mbili tu, lugha ya lishe na lugha ya dawa. Siku hizi imeongezeka ya tatu, lugha ya fursa. Parachichi, lililokuwa tunda la uani Njombe na Rungwe, sasa linasafirishwa hadi Ulaya na Asia, na kila semina ya vijana inauliza ni tunda gani litakalofuata. Lugha ya nne, ya utamu, haina semina.

Tulishaona mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutoka kwenye mizizi ya mti ulioitwa mugariga. Mti huo ni wa jamii ya Carissa, na miti ya jamii hiyo huzaa vitunda vidogo vyeusi, vitamu, ambavyo watoto huchuma wakiwa machungani. Nchi nzima ilizungumza kuhusu mizizi. Sikumbuki mtu aliyezungumza kuhusu matunda yake.

Najua pingamizi litakalokuja. Raha, mtu atasema, ni mazungumzo ya walioshiba. Mtu mwenye ada ya kulipa na mgonjwa ndani ana haki ya kuuliza kila mti unamfaa nini. Kweli, na laiti stafeli lingeweza kulipa ada, ningekuwa wa kwanza kushangilia. Lakini angalia nani anayeulizwa. Mgeni wa hoteli akiagiza keki, mhudumu hamwulizi inatibu nini. Mama wa Kasokola akinunua soda siku ya mnada, wapo watakaomwambia angenunua mayai. Kiswahili kina neno raha na neno anasa, na mara nyingi tofauti yake ni kipato cha mwenye kinywa: mwenye nacho anaburudika, asiye nacho anafanya anasa. Anayesema maskini anahitaji lishe tu, hata kama ana nia njema, amemweka maskini mahali pa ng'ombe. Ng'ombe ndiye tunayepanga chakula chake kwa kuangalia kitazalisha nini.

Tena kuna suala la mantiki. Tunafanya kazi ili tupate fedha, tunatafuta fedha ili tule vizuri na tuwe na afya, tunataka afya ili tufanye kazi. Mnyororo huu lazima ufike mahali ukomee, la sivyo ni mduara wa punda wa kukamua mafuta. Aristotle alilisema hilo zamani: lazima pawe na jambo linalotakiwa kwa ajili yake lenyewe. Yeye hakuwa na maana ya tunda, na hakuiona raha kuwa ndiyo mwisho wa safari. Mimi sisemi hivyo pia. Nasema kwamba kipande cha stafeli, kivuli, na watu watatu uliowaita ni moja ya mahali ambapo mnyororo unaruhusiwa kukomea. Wahenga walikuwa na njia fupi zaidi: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Si kila raha inaingia hapa. Ipo inayokula ada ya mtoto, na ipo inayomwacha mwingine na maumivu. Kipimo changu ni chepesi: raha hii imemnyang'anya nani? Uani pale haikumnyang'anya mtu. Aliyenyang'anywa ni mgonjwa, pale raha yake ilipogeuzwa dozi, na karibu anyang'anywe na nauli.

Kwa hiyo nadhani tuna wajibu mbili, na ni vizuri zisichanganywe. Kwa mgonjwa, wajibu wetu ni ukweli na nauli: tumwambie kinachojulikana, tumfikishe hospitali, tusimtumie ujumbe ambao hatujui ulikotoka. Kwa tunda, wajibu wetu ni kuliacha liwe tunda. Ukipewa stafeli mwaka huu, lipasue kwa mikono, waite walio karibu, tema mbegu mbali na watoto wadogo. Mwenye mti akikuuliza likoje, usimtajie ugonjwa. Mwambie kama ni tamu.