Je, Padre Wetu Ametoka Wapi?



Kila mara Askofu anapotangaza uhamisho wa mapadre, swali la kwanza linalosikika nje ya kanisa ni hili: "Huyu anayekuja ametoka wapi?" Wengine wataka kujua kabila lake. Wengine waulizia baba yake ni nani, mkewe ni mtu wa wapi, amesoma chuo gani, na kabla ya kuingia kazi ya Kanisa alikuwa akifanya nini. Hata hajafungua mizigo yake, habari zake, za kweli na za uongo, zimekwisha kufika sokoni.

Swali lenyewe si baya. Mtu anayekuja kubatiza watoto wetu, kusikia siri zetu na kuzika wazee wetu haifai akae kwetu kama abiria anayengoja basi. Lakini swali hilo hilo laweza kuulizwa kwa nia mbili. Mmoja auliza ili ampokee mgeni. Mwingine auliza ili ampime, na akiisha kumpima amweke kando. Kwa hiyo yatupasa kufikiri: maisha ya padre kabla ya kuja kwetu yana uzito gani? Ni wapi tuna haki ya kuyauliza, na ni wapi hatuna?

Kwanza, Kanisa lenyewe linauliza. Katika ibada ya kutia daraja ya Kitabu cha Sala, Askofu hawekei mtu mikono kabla ya kuwageukia watu na kuwataka kwamba, kama yuko anayejua kizuizi au kosa kubwa la yule anayesimama mbele yao, aje aseme. Mtakatifu Paulo naye alimwagiza Timotheo kwamba msimamizi wa kanisa awe mtu mwenye sifa njema hata kwa walio nje ya Kanisa. Basi si kweli kwamba yaliyopita hayatuhusu. Kama mtu amedhuru mtoto, amekula fedha za watu, au ameitupa nyumba yake, Kanisa lapaswa kujua. Anayenyamaza kwa aibu, au kwa kuwa yule ni ndugu yake, anawakosea wote watakaochungwa na mtu huyo, na anawakosea zaidi wale wadogo wasioweza kujisemea.

Lakini tazameni namna Kanisa linavyouliza. Linauliza mbele ya watu wote, na anayejibu husimama akaonekana. Kama jambo limejulikana baadaye, njia iko pia: aende kwa Askofu, aseme analolijua, na jina lake liwepo. Minong'ono ya kisimani haimo katika Kitabu cha Sala. Neno ambalo mtu hathubutu kulisema mbele ya Askofu, wala mbele ya padre mwenyewe, asiliseme kwa jirani.

Pili, madhabahuni. Wako Wakristo wanaokataa kupokea Ushirika Mtakatifu kwa mkono wa padre fulani kwa sababu ya asili yake au mambo ya ujana wake. Jambo hili si geni. Lilizuka hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini, zamani sana. Mwaka 303 Kaisari Diocletian alianza kuwatesa Wakristo, akaamuru Maandiko Matakatifu yatolewe na kuchomwa moto. Baadhi ya wachungaji waliogopa wakayatoa. Mateso yalipokwisha, kikundi cha Wakristo walioitwa Wadonato walisema kwamba mtu aliyeyatoa Maandiko hawezi tena kutoa sakramenti ya kweli, wala yule aliyewekewa mikono na mtu kama huyo. Askofu Caecilian wa Carthage alikataliwa, si kwa kosa lake mwenyewe, bali kwa sababu mmoja wa waliomweka wakfu alishtakiwa kuwa alikuwa ameyatoa Maandiko. Kanisa likagawanyika, mji kwa mji na nyumba kwa nyumba, kwa muda wa zaidi ya miaka 100.

Aliyewajibu kwa nguvu ni Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, naye ni Mwafrika wa kaskazini. Jibu lake kwa kifupi ni kwamba anayebatiza ni Kristo, iwe mkono unaomwaga maji ni safi au si safi. Kanisa letu la Anglikana limeyashika mafundisho hayo katika Kanuni ya 26 kati ya zile Kanuni 39. Ubaya wa mhudumu hauwezi kuondoa neema ya sakramenti kwa yule anayeipokea kwa imani, ingawa kanuni hiyo hiyo yaagiza kwamba wahudumu wabaya wachunguzwe, na wakionekana wana hatia, waondolewe. Neema ina mahali pake, na nidhamu ina mahali pake.

Wala Augustino hakuyasema hayo kama mtu asiye na lake. Kabla ya ubatizo wake alikuwa amewafuata Wamani kwa miaka mingi, na alikuwa amezaa mtoto na mwanamke asiyemwoa. Alipewa upadre mwaka 391, na miaka michache baadaye, akiwa Askofu, aliyaandika maisha yake yote katika kitabu cha Maungamo, watu wa kwake na maadui zake wakasoma. Hakuyaficha, wala hakungoja mwingine ayatangaze.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu, kabila na ukoo. Husemwa: "Tunataka mtu wa kwetu." Tuwape haki yao wasemao hivyo. Mwenye msiba hufarijiwa vizuri zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo, na padre asiyejua desturi za mahali aweza kuumiza watu bila kukusudia. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Lakini tukisema kwamba asiye wa kwetu hawezi kuwa padre wetu, hatuna budi kuukana mwanzo wa Kanisa letu wenyewe.

Maana ilianza hivi. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja, na Sultani Majid akampa wavulana watano waliokuwa wamenyang'anywa wafanya biashara ya watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni pale kisiwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwingine aliyetoka katika utumwa ni Cecil Majaliwa, mzaliwa wa Wayao. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury huko Uingereza kuongeza masomo, na mwaka 1886 akapewa ushemasi na kutumwa Chitangali, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1890 alipewa upadre, wa kwanza kati ya Waafrika wote wa misheni ile.

Fikirini sasa watu wa pwani wa siku zile. Swali lao la kwanza kwa mtu lilikuwa ukoo wake. Mtoto aliyechukuliwa mdogo, akauzwa mara mbili tatu mpaka kufika Unguja, angejibu nini? Wengi walisahau hata majina ya mama zao. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini watoto hawa hawakuiacha asili yao, waliporwa. Kama wazee wetu wangalisema, "Tuonyeshe ukoo wako kwanza, ndipo utubatize," John Swedi asingalikuwa shemasi wala Majaliwa asingalikuwa padre. Nanyi mnajua kwamba Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lilijengwa na Askofu Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Pale watu walipoulizwa asili yao ili wakadiriwe bei, ndipo Kanisa lilipojenga madhabahu. Nasi tukimkadiria padre kwa kabila lake, tunataka kulifungua soko lile tena.

Wako pia waliokuja kutoka mbali wakawa wa kwetu. William Percival Johnson alikuwa amemaliza masomo yake Oxford, na nafasi ya kazi ya serikali huko India ilikuwa wazi mbele yake. Aliiacha akaja Afrika mwaka 1876. Akapoteza macho yake karibu yote kwa ugonjwa, lakini hakurudi kwao kukaa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 alizunguka vijiji vya Ziwa Nyasa, akajifunza lugha za watu na kutafsiri Maandiko katika lugha hizo. Alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli. Asili yake ilikuwa Uingereza. Kaburi lake ni letu.

Na kwa jirani zetu, Apolo Kivebulaya, Muganda aliyekuwa askari kabla ya ubatizo wake, alikwenda Mboga, ambayo leo ni nchi ya Kongo, mwaka 1896. Alikuwa mgeni kule. Mtawala wa pale, Tabaro, aliamuru apigwe. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alipewa upadre mwaka 1903, na alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa misitu ya Kongo, wala si upande wa kwao. Watu wa Mboga wangalimpima kwa kabila lake tu, wangalimrudisha, na hasara ingalikuwa yao.

Basi tufanye nini na swali letu? Naona Maandiko yanatuonyesha mtu mmoja wa kumfuata, naye ni Barnaba. Sauli alipokuja Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu, maana yaliyopita katika maisha yake yalikuwa ni damu ya ndugu zao. Barnaba hakusema kwamba mambo yale hayakuwapo. Alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake zote: jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyonena kwa ujasiri kule Dameski. Barnaba alizijua habari za Sauli kuliko wale walionong'ona, akazitumia kumfungulia mlango. Kila mtaa wahitaji akina Barnaba, wanaomjua padre vizuri kiasi cha kuweza kumsimamia.

Na kumjua huko ni deni letu. Padre huacha kwao kwa utii. Anakaa katika nyumba isiyo yake, analima shamba lisilo lake, na Askofu akisema neno, anafunga mizigo tena. Watoto wake hubadilisha shule na marafiki. Mkewe huanza upya kujulikana kisimani na sokoni. Wazazi wake huzeeka mbali naye, na anapostaafu, mara nyingi ndipo anapokumbuka kwamba hakujenga. Yeye anayajua makaburi yetu yote, maana ndiye aliyesimama kando yake. Je, ni wangapi kati yetu wanaojua kama mama yake yu hai? Akipata msiba kwao, nani huenda naye? Akipokea barua ya huzuni siku ya Jumamosi, Jumapili twamwona madhabahuni kama kawaida, nasi twatoka tukisema mahubiri yalikuwa mafupi.

Mapadre nao, twawasihi kwa heshima, wasijifiche nyuma ya kanzu. Padre anayewaambia watu wake alikotoka, umaskini alioupitia, mashaka aliyokuwa nayo, na nani aliyemshika mkono, hapunguzi heshima ya daraja yake. Vijana wetu wanaodhani kwamba wito ni wa watu wa namna nyingine wasikie kwamba huyu naye alikuwa mchunga mbuzi, au mwalimu, au karani, au mtoto wa nyumba isiyosali.

Nashauri basi mambo matatu. Mwenye neno zito juu ya padre yeyote alipeleke mahali pake, kwa Askofu, au alinyamaze. Halmashauri ya Mtaa imwalike padre na mkewe jioni moja, wazee wawaulize habari za kwao na kuzisikiliza mpaka mwisho. Na sisi sote, tunapowaombea mapadre wetu, tuwataje pamoja na baba zao na mama zao kwa majina, walio hai na waliolala. Kama hatuyajui majina hayo, mahali pa kuanzia ni kuuliza.

Mungu awabariki wote wanaotuhudumia, na wote waliowalea.