Mbegu Haidanganywi na Manyunyu



Je, ni lini mlitoka nyumbani wawili tu, si kwenda matangani wala kwenye mchango wa harusi? Masika yakifika, kati ya Machi na Mei, jaribuni kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Mbuga hii ya kilomita za mraba 120 inajulikana kwa korongo, swala mkubwa ambaye hapa ndipo makao yake ya mwisho nchini Kenya. Lakini msimu huo tazameni pia chini, kwenye nyasi, ambako nchi iliyokauka tangu Januari inatoa maua. Vaeni nguo za rangi hafifu, maana mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Asiye na pesa za kiingilio atayaona maua hata kando ya shamba lake, Rongo au Suba.

Kuna ua moja jekundu, la mviringo kama mpira, ambalo katika sehemu nyingi za Kenya huchomoza mara mvua za kwanza zinapolowesha ardhi. Wakati wa kiangazi halionekani hata jani. Mpita njia angeapa kwamba hapo hapana kitu. Kumbe tunguu lake li hai chini ya udongo, likitunza maji na chakula chake.

Ndoa nyingi ziko hivyo. Mume anavua usiku kucha Mbita au anachimba dhahabu Macalder. Mke anashinda sokoni. Mazungumzo yamebaki ya karo na unga. Msiseme upesi kwamba mapenzi yamekwisha. Kiangazi si kifo.

Lakini kuna ukavu mwingine, ule unaoletwa na dhambi. Mmoja amevunja uaminifu, ameungama, kisha anashangaa kwamba mwenzake bado ni baridi. "Nimeomba msamaha mara mbili," anasema, "anataka nini tena?"

Huyo na ajifunze kwa mimea ya jangwa. Mjini Phoenix, Arizona, nchini Marekani, kuna bustani maarufu ya mimea hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1939, na watu huenda kutazama maua ya porini baada ya majira ya baridi. Maua hayo yana siri. Baadhi ya mbegu za jangwani zina dawa ya asili inayozizuia kuchipua. Manyunyu ya siku moja hayaiondoi. Ni lazima mvua inyeshe ya kutosha kuiosha dawa hiyo. Ndipo mbegu hufunguka. Ingechipua kwa manyunyu, jua la kesho lingeiua. Na hata mvua kubwa ikija, mbegu nyingine hubaki udongoni zikingoja mwaka mwingine.

Ewe uliyekosa, padre akikuondolea dhambi, Mungu amekusamehe kweli. Lakini sakramenti hiyo haimwamuru mkeo awe amepona jioni hiyo hiyo. Leso mpya na maneno matamu ni manyunyu. Mvua ni kurudi nyumbani saa uliyosema, kuonyesha mshahara wote, kujibu swali lile lile bila hasira, mwezi baada ya mwezi.

Nawe uliyekosewa, kuchelewa kwako si dhambi. Mbegu inayongoja haijakataa kuchipua. Ila jichunguze: mvua ikiisha kunyesha ya kutosha, usijifunge kwa ajili ya kulipiza kisasi.

Nabii Hosea aliyajua haya, kwa kuwa mke wake hakuwa mwaminifu. Katika sura ya pili ya kitabu chake, Mungu anasema juu ya taifa lake kama mume aliyeachwa: atampeleka jangwani, na huko atasema na moyo wake. Hakuchagua karamu, bali mahali pakavu, penye ukimya, ambapo sauti moja inasikika.

Tahadhari moja. Tunaposema kungoja, hatumwambii anayepigwa avumilie kipigo. Penye hatari kwa mwili au kwa watoto, ondokeni mkatafute usalama kwanza, kwa ndugu, parokia na polisi.

Basi mkienda Ruma, au mkikaa tu ukingoni mwa shamba baada ya mvua, msianze na lawama. Tazameni maua kwanza, kisha kila mmoja amwulize mwenzake: "Ni kitu gani ninachokupa ambacho ni manyunyu tu? Mvua yako ni ipi?" Asikilize jibu mpaka mwisho, bila kujitetea. Kisha salini pamoja Baba Yetu, polepole, na mkifika penye neno la kusameheana, mpumzike kidogo.

Mungu aliyewaunganisha awanyeshee kwa wakati wake.