Nani Amwambie Mnunuzi?

Mwaka jana nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Tukuyu, upande wa barabara ya kwenda Kyela. Siku ya kuandikishana tulisimama katikati ya migomba, manyunyu yakitulowesha kama kawaida ya Rungwe: muuzaji, mimi, mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wa pande zote walioitwa kushuhudia mipaka. Bei tulikwisha kubaliana. Mara mzee mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, mwezi wa nne maji yote ya kule juu hupita hapo uliposimama." Muuzaji akatazama viatu vyake. Bei ikashuka papo hapo.

Ndugu msomaji, nilifurahi, lakini kwa dakika moja tu. Nilikumbuka pesa zile mfukoni nilizipataje.

Zilitokana na fleti. Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la kuingia mtu mmoja mmoja, ghorofa ya tatu, Sinza, Dar es Salaam. Dirisha la chumbani linatazama baa. Kuanzia saa tatu usiku mpaka karibu na alfajiri muziki unatikisa vikombe kabatini. Dalali wangu, mtoto wa mjini kweli kweli, alikuwa na sharti moja: mteja aje Jumapili asubuhi. Saa hizo mtaa mzima umelala, utadhani uko kanisani. Akaja kijana na mkewe mjamzito, kumbe nao ni watu wa kwetu! "Mwagonile," tukacheka, tukaongea habari za maparachichi na ndizi. Mke akafungua dirisha, akasema, "Pametulia." Wenzangu, sikusema uongo. Nilinyamaza tu.

Swali hili si jipya. Cicero, yule Mrumi, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu: mtu anauza nyumba yenye nyoka vyumbani na mbao mbovu, na ni yeye peke yake ajuaye. Akawaleta wanafalsafa wawili. Antipater asema kumficha mnunuzi ni sawa na kumwona mtu amepotea njia usimwonyeshe. Diogenes wa Babiloni ajibu kwamba hakuna aliyemlazimisha kununua, tena kunyamaza si kuficha. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater. Dalali wangu hajamsoma Diogenes, lakini wangeelewana sana.

Mjini Diogenes alinishawishi. Huku ananiaibisha. Nadhani ni kwa sababu huku muuzaji haachiwi aamue peke yake. Mzee yule si malaika. Alijua tu kwamba nyumba yangu ikijaa maji nitakuja kugonga kwake usiku. Muuzaji angekwisha ondoka, tungebaki sisi wawili. Wanyakyusa wa zamani walilipa jambo hili uzito hata vijiji vikajengwa kwa marika: wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja. Monica Wilson, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1951, alilikuta neno ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako. (Sipambi mambo. Jirani huyo huyo ndiye aliyeweza kukutuhumu uchawi.)

Hata sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo inalijua hili kidogo: anayenunua chumba ananunua pamoja na fungu lake katika vile vya wote, kama ngazi na paa. Lakini siku ile wa kwenye ngazi hatukuwaita. Mama wa ghorofa ya pili alipita na ndoo yake, akanitazama, akatazama tumbo la yule binti, akapita. Ningemwita aseme, angesema. Dalali alikuwa ameshaanza kusifia vigae.

Pasaka hii kijana alinipigia simu. Wamepata mtoto wa kike. Tukapongezana, kisha akauliza kwa upole, "Samahani kaka, hivi ile baa huwa inafunga saa ngapi?"

Nikamwambia mtandao wa huku unasumbua kwa sababu ya mvua, nitampigia baadaye. Mvua kweli ilikuwa inanyesha.