Michezo ya Kunoa Akili

Kisu hunolewa kwa jiwe, na jembe hunolewa kwa tupa. Akili hunolewa kwa nini? Swali hili ni la zamani, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake. Wazee walisema kwamba akili hunolewa kwa safari, kwa kazi, kwa mashauri na kwa taabu. Walimu walisema kwamba hunolewa kwa vitabu na hesabu. Siku hizi limetokea jibu la tatu: kwamba akili hunolewa kwa mchezo unaochezwa juu ya kioo cha simu au cha televisheni. Jibu hilo limeingia katika nyumba nyingi za Nairobi, na huenda wewe, msomaji, umelisikia nyumbani kwenu. Yafaa tulipime, maana jambo liingialo nyumbani haliachi desturi za nyumba kama lilivyozikuta.

Michezo yenyewe si migumu kuieleza. Mmoja hukutaka ujumlishe na kutoa tarakimu upesi. Mwingine hukuonyesha picha, kisha huzificha, nawe hutakiwa kukumbuka kila moja ilikuwa mahali gani. Mwingine hukupa maumbo uyapange yasiache nafasi. Ulioipa michezo hii sifa kubwa duniani ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2005, ukachukua jina la Ryuta Kawashima, profesa achunguzaye ubongo. Mchezaji alipomaliza mtihani wake alitajiwa umri wa ubongo wake. Umri wa 20 ulikuwa bora kuliko wote, na umri wa 80 ulikuwa mbaya kuliko wote. Tangu wakati huo michezo ya namna hiyo imezaliana mpaka imejaa katika simu. Katikati ya jiji letu, katika barabara ya Luthuli, maduka ya redio, televisheni na simu yamesimama bega kwa bega, na vyombo vinunuliwavyo huko hupandishwa matatu jioni kwenda Westlands, Lavington, Kawangware, Kangemi na Uthiru. Mzazi anunuaye chombo hicho hujifariji moyoni akisema, "Watoto wangu watacheza, lakini watacheza kwa faida."

Je, faida hiyo ipo? Wataalamu wamelitafuta jibu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uingereza, ambao watu 11,430 walishiriki. Walizoezwa kwa michezo ya namna hii kwa muda wa wiki sita. Walipopimwa, ilionekana kwamba waliendelea sana katika michezo ile ile waliyoizoea. Lakini walipopewa majaribio mengine, ambayo hawakuyazoea, mazoezi yao hayakuwasaidia kwa kadiri iliyotangazwa na wauzaji. Kabla ya hapo, mwaka 2002, wataalamu wa Marekani walikuwa wametoa habari za wazee 2,832. Waliofundishwa kukumbuka walizidi katika kukumbuka. Waliofundishwa kutambua vitu upesi walizidi katika kutambua upesi. Kila kundi lilivuna katika shamba lililolima. Hata sheria ilipata kusema neno lake. Mwezi Januari 2016 kampuni ya Marekani yenye michezo iitwayo Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya tume ya serikali ya nchi hiyo kuishtaki kwamba iliwaahidi watu faida ambazo haikuwa na ushahidi wa kutosha kuzithibitisha.

Sababu ya jambo hili haiko mbali. Ubongo hujifunza kile unachofundishwa. Makanga wa matatu iendayo Kangemi hutupa jicho mara moja nyuma ya gari akajua nani amelipa nauli, nani hajalipa, na nani anadai chenji yake. Huo ni uhodari mkubwa wa kukumbuka, nao ameupata kwa mazoezi ya kila siku. Lakini haumfanyi akumbuke zaidi tarehe za historia, wala haumsaidii kukumbuka mahali alipoweka ufunguo wa nyumba. Vivyo hivyo, kijana ambaye amezoea kupanga maumbo juu ya kioo amekuwa hodari wa kupanga maumbo juu ya kioo. Asidhani kwamba kwa sababu hiyo amesamehewa kusoma.

Basi tuitupe michezo hii? La. Kuitupa kwa sababu si dawa ni sawa na kuutupa muhogo kwa sababu si mkate. Mchezo haulazimiki kuwa dawa ili uwe na heshima. Angalia mchezo wa bao, ambao watu wa pwani wameucheza tangu zamani kwa mashimo 32 na kete 64. Wakikuyu wana mchezo wa ukoo huo huo, huuita giuthi. Wajaluo wana wao, huuita ajua. Mchezaji hodari wa bao huhesabu moyoni kete za mashimo mengi kabla hajagusa moja. Hapana shaka kazi hiyo ni nzito kwa akili. Walakini watu hawakukaa baraza moja wakicheza ili kuponya ubongo. Walikaa kwa sababu ya raha ya kushindana na utamu wa kuwa pamoja. Kama akili ilinoleka, ilinoleka kama mguu wa mtu aendaye kumtembelea rafiki: mguu hupata nguvu, lakini mwenye mguu hakutoka nyumbani kwa ajili yake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe. Mchezo uchezwao na jamaa nyumbani usiulizwe tu unamfanya nini mchezaji. Uulizwe pia unawafanya nini wachezaji, mmoja kwa mwingine. Swali hili lina uzito katika mji wetu, kwa sababu saa za jamaa kukaa pamoja ni chache. Mzazi afanyaye kazi katikati ya jiji huondoka Uthiru au Kawangware kabla watoto hawajaamka vizuri. Jioni msururu wa magari humshika njiani, akafika giza limekwisha kuingia. Baina ya kula na kulala hubaki saa moja, pengine pungufu. Saa hiyo ndiyo mali ya jamaa. Mtu akipoteza shilingi atapata nyingine, lakini saa ya jioni iliyopotea hairudishwi na yeyote. Ikiwa jamaa wataitumia kwa mchezo, yatupasa kujua mchezo huo unajenga au unabomoa.

Tuseme kuna nyumba moja Kangemi. Baba ni fundi wa kujenga, mama huuza mboga sokoni, kijana yuko shule ya sekondari, na dada yake mdogo yuko shule ya msingi. Bibi, au nyanya kama tusemavyo wengi wetu Nairobi, amekuja kutoka Vihiga kuwatembelea. Baada ya chakula kijana huleta mchezo wa kupima ubongo, na wote hucheza kwa zamu. Kijana huambiwa kwamba umri wa ubongo wake ni 24. Baba huambiwa 57. Mama huambiwa 60. Nyanya, ambaye hakupata bahati ya kwenda shule, na ambaye kidole chake hakijazoea kugusa kioo, huambiwa 80. Kicheko huangua nyumba nzima. Nyanya naye hucheka, kwa sababu ni mtu wa subira. Lakini usiku unaofuata, zamu yake ikifika, husema macho yanamuuma, akaenda kulala.

Hakuna aliyemtukana. Hata hivyo kitu kimevunjika katika nyumba ile, nacho hakikuvunjwa na chombo. Chombo kilitoa tarakimu tu. Walioigeuza tarakimu kuwa hukumu ni watu.

Tena hukumu hiyo ilikuwa na kosa. Mwaka 1935 mtaalamu wa Marekani, John Ridley Stroop, alichapisha habari za jaribio ambalo limebaki maarufu mpaka leo, na ambalo liliingizwa hata katika mchezo ule wa Kawashima. Jina la rangi huandikwa kwa wino wa rangi nyingine: tuseme neno "buluu" limeandikwa kwa wino mwekundu. Mtu huambiwa ataje rangi ya wino, asilisome neno. Msomaji hodari hujikwaa hapo, kwa kuwa jicho lake limekwisha kulisoma neno kabla yeye hajataka kulisoma. Lakini mtoto ambaye bado hajajua kusoma hana kikwazo hicho. Kwake herufi ni michoro mitupu, na rangi ni rangi. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili. Katika jaribio hilo elimu ya kijana ndiyo inayomtega, na nyanya asiyejua kusoma angepita pasipo na mtego, ikiwa tu chombo kingesikia lugha anayoisema. Je, tungesema basi kwamba asiyejua kusoma ana akili kuliko msomi? Hatungesema. Kwa nini basi twasema kinyume chake pale jaribio linapompendelea msomi?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mama yule auzaye mboga hukumbuka ni nani aliyekopa sukuma wiki Jumanne na nani aliyelipa nusu, naye haandiki popote. Baba yule hutazama ukuta, akajua kwa jicho kwamba umepinda. Nyanya yule anajua ukoo wa kila mtu kijijini kwake, na anajua neno gani liwapatanishe ndugu wawili waliogombana juu ya mpaka wa shamba. Katika hayo hakuna hata moja lililoulizwa na mchezo. Kipimo cha unga hakikosei kwa kuwa hakipimi maziwa; akosaye ni yule asemaye kwamba maziwa hayana kipimo.

Huenda ukanijibu hivi: "Ushindani usio na tarakimu hauna ladha, na ukweli ni ukweli. Kama nyanya ni mzito, kuficha uzito wake ni kusema uongo." Jibu hili lina nguvu, nami silipuuzi. Ni kweli kwamba wepesi wa akili hupungua umri unapozidi. Ni kweli pia kwamba kumwachia mtu ushindi kwa siri, kama mtoto apewavyo peremende anyamaze, ni kumdharau kwa njia nyingine. Akigundua, atajua kwamba hamkuwa mkicheza naye, bali mlikuwa mkimchezea. Lakini baina ya kumficha mtu na kumfedhehesha iko njia ya tatu, nayo ni kubadili masharti hadharani. Mdogo na mzee na wacheze upande mmoja dhidi ya walio katikati. Kila mmoja na ashindane na alama zake za jana. Mwepesi na apunguziwe muda, na mzito aongezewe, kwa mapatano ya wote. Hapo ushindi utakuwa wa haki, na aliyeshindwa hatakuwa na sababu ya kukimbilia kitandani.

Wahenga wetu waliijua njia hii, ingawa hawakuwa na vioo. Waliiweka katika vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wengine huitikia, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wote hujaribu, na wote wakishindwa yeye hudai mji. Hupewa Mombasa, au Kisumu, au Nairobi yenyewe na majumba yake yote. Kisha hufumbua kwamba nyumba ile ni yai. Itazame hekima iliyomo katika malipo hayo. Aliyeshindwa hutoa mji ambao si wake, hupokea jibu ambalo litakuwa lake siku zote. Aliyeshinda hupewa mji ambao hatauona, na hulazimika kutoa siri aliyokuwa nayo. Mwisho wa mchezo hakuna aliye maskini kuliko alivyokuwa mwanzo, na kesho wote wanataka kucheza tena. Tena mdogo anaweza kumtegea mzee, na mzee akampa mji, pasipo adabu kuvunjika.

Nawe, msomaji kijana, katika mambo ya vioo wewe ndiwe mwenye nguvu nyumbani kwenu. Vidole vyako ni vyepesi, na macho yako yamezoea. Nguvu hiyo ni amana. Baba yako alipokushika mkono ukajifunza kutembea, hakukutajia umri wa miguu yako. Alipunguza mwendo wake ukawa sawa na wako, akafurahi ulipopiga hatua tatu bila ya kuanguka. Leo zamu ya kupunguza mwendo imekufikia wewe. Mfundishe mzazi wako mchezo kwa subira ile ile, na baada ya mchezo umwombe akufundishe kitu anachokijua yeye.

Kama ukicheza hivyo, sijui kama ubongo wako utarudi umri wa miaka 20. Kwako wewe hiyo isingekuwa hata faida, kwa maana bado hujaufikia. Lakini najua kwamba mtu anayeweza kushinda bila kudharau, na kushindwa bila kununa, amepata ujuzi ambao hautabaki juu ya kioo. Atauchukua kwenda nao darasani, kazini, na katika nyumba atakayoijenga mwenyewe. Akili iliyonolewa ni kama kisu kilichonolewa: hukata mkate wa jamaa, na huweza pia kukata mkono wa ndugu. Kinachoamua ni tabia ya mwenye kukishika.