Je, Mbwa Hujua Dhambi Yake?

Mtu hurudi nyumbani akakuta nyama imeliwa jikoni. Mbwa wake amejikunyata pembeni, masikio ameyalaza nyuma, mkia ameufyata, na macho anayaepusha asitazamane na bwana wake. Bwana husema: "Tazameni, anajua alilolitenda! Anaona haya." Kisha huchukua fimbo. Ndugu msomaji, je, mtu huyu amehukumu kwa haki?

Huenda baadhi yenu mkaliona swali hili kuwa dogo mno. Lakini kumhukumu asiyeweza kujitetea si jambo dogo, na dhana ni dhana hata ikimhusu mbwa.

Yafaa ifahamike kwamba madai ya bwana huyo yamekwisha kupimwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtaalamu wa tabia za wanyama huko New York, alitangaza uchunguzi wake juu ya mbwa 14. Kila mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa ametii au ameasi, na mara nyingine habari hiyo ilikuwa ya uongo kwa makusudi. Ikadhihirika kwamba ule uso uitwao wa hatia haukufuata tendo la mbwa, bali ulifuata makaripio. Tena makaripio yalionyesha athari kubwa zaidi kwa mbwa waliotii kuliko walioasi!

Basi kile tukiitacho ungamo ni woga. Mbwa husikia sauti iliyobadilika, huona mwili uliomwinamia, naye hujifanya mdogo ili asidhuriwe. Fimbo ijayo saa nyingi baada ya nyama kuliwa haimfundishi kuacha wizi; humfundisha kuogopa kurudi kwa bwana wake. Na sisi tunaoamini sheria ya Mwenyezi Mungu tungepaswa kuliona hili mapema kuliko wengine. Dhambi huhitaji amri iliyofahamika na hiari ya kuitii au kuivunja, na toba huhitaji kumbukumbu ya kosa. Mnyama hakutwishwa mzigo huo. Ni nani basi aliyetupa sisi ruhusa ya kumtwisha?

Wapo wengine wasemao: ikiwa ni hivyo, mnyama hana hisia kabisa. Katika karne ya 17 Descartes wa Ufaransa aliwafananisha wanyama na mashine. Hao nao wamekosea, kwani woga wa mbwa ni woga wa kweli, na njaa yake ni njaa. Katika Hadithi iliyomo katika Bukhari, Mtume Muhammad (s.a.w.) alisimulia habari za msafiri aliyekunywa maji kisimani, na alipopanda akamwona mbwa akihema na kula udongo wenye unyevu. Akaifahamu kiu ya mbwa kwa kiu yake mwenyewe, akashuka tena, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha, Mungu akamsamehe.

Mwulizaji atasema: je, msafiri huyo naye hakumpa mbwa hisia za binadamu? La. Yeye aliutazama kwanza mwili wa mbwa, ulimi na udongo ule, ndipo akaikumbuka kiu yake. Mwenye fimbo alitazama kwanza nyama yake iliyopotea.

Kosa hili lina hatari hata pale linapovaa sura ya upendo. Watu wengi hudhani kwamba mkia unaotikisika ni furaha. Uchunguzi wa Waitalia wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huelekea zaidi kuume. Akiona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelekea kushoto. Si rahisi kulipima hilo kwa macho, lakini mengine yaonekana wazi. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, ukitikisika upesi kwa mwendo mfupi, si mwaliko. Mbwa anayejilamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo bila usingizi, au anayegeuza kichwa mtoto anapomkumbatia, mara nyingi anaomba aachwe. Akikakamaa ghafula na weupe wa macho ukaonekana, meno yamekaribia. Watoto ndio huumwa sana, na mtoto hukumbatia kwa kuwa yeye mwenyewe hupenda kukumbatiwa. Basi mwonyesheni mambo haya kabla hajanyoosha mkono; na akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa.